Mwanafunzi wa Saa Kumi na Mbili Jioni

Muuza magari alilizunguka lile gari mara tatu. Akainama akachungulia matairi, akafungua mlango akanusa viti, kisha akasimama akijikuna kidevu. Gari lina miezi kumi na minne tu. Mkwaruzo hata wa dawa halina. Mtu mwenye gari la namna hii, alisema, halibadilishi, bali analifunika turubai na kugombana na kila paka anayelipanda.

"Mama, niambie ukweli," alisema kwa sauti ya chini. "Lina nini?"

Mama Breki akajibu kwamba halina kitu. Amechoka na rangi yake, basi.

Uongo mtupu, na hata yeye aliusikia ulivyotoka kinyonge. Jina hilo la Mama Breki alibandikwa na wanafunzi wake. Alikuwa mwalimu wa udereva, miaka kumi na tisa kazini, na gari lake lilikuwa na breki ya pili, mbele ya kiti cha mwalimu, ili mwanafunzi akipagawa yeye alisimamishe. Muuza magari alisema breki hiyo itang'olewa kwa nusu saa, si tatizo. Mteja wa kulichukua alishapatikana na alikuwa njiani anakuja. Mama Breki naye atapewa jingine, jipya kama hilo, aondoke nalo jioni hiyohiyo.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemsukuma mpaka pale. Ni yeye peke yake aliyesimuliwa kisa chote, kwenye simu, naye hakucheka. Alisema tu gari si mume, liache liende. Dada ana nyumba yenye watu saba na mlango usiofungwa mchana kutwa. Ukiishi hivyo ni rahisi kuwaambia wenzako waache hiki na kile.

Maana ukweli wenyewe, tuuseme tu, ni kwamba Mama Breki hakuogopa kulikosa gari. Aliogopa kumkosa aliyekuwa akilipanda.

Huyo alikuwa fundi cherehani, mzee wa miaka sitini na minane, mjane, watoto wake wametawanyika mbali. Alikuja kujiandikisha amevaa suti aliyoishona mwenyewe, chaki ya fundi bado iko kwenye vidole. Akachagua kipindi cha mwisho cha siku, saa kumi na mbili jioni, saa ambayo nyumba ya mtu mmoja inaanza kuwa kubwa. Hakuwa na gari wala nia ya kununua gari. Mama Breki aligundua hilo siku ya pili, akanyamaza. Mzee alizima injini kila alipoachia klachi, akacheka, akaomba radhi, akazima tena. Katikati ya hayo aliuliza swali ambalo hakuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kumuuliza.

"Umekula leo, mwalimu?"

Siku nzima Mama Breki alikuwa akisema kanyaga, achia, tazama kioo. Jioni akifika nyumbani, vyumba viwili na redio, mdomo ulikuwa umechoka na moyo una njaa. Kile kipindi cha mzee kikawa ndicho siku yake. Mengine yote aliyafanya ili saa ifike.

Sasa, walimu wa udereva wana tabia yao moja. Kila mwanafunzi ana kadi yenye visanduku ishirini, kisanduku kwa kila kipindi, na mwalimu anatakiwa atie saini baada ya kufundisha. Nani ana muda huo? Wanasaini kwa mkupuo, mwisho wa wiki, ili ofisi isiwasumbue. Aliyekuja na asiyekuja, wote wanapata saini. Na chini kabisa ya kadi kuna mstari wa mwisho, ambao mwalimu anausaini kwa dhamana yake: *Yuko tayari kuendesha bila mwalimu.*

Mzee alikosa vipindi vitatu mfululizo, vitatu vya mwisho. Mama Breki alidhani ni mafua. Ijumaa ofisi ikadai kadi. Akasaini vile vitatu, na kwa kasi ileile ya mkono, bila hata kusoma, akasaini na mstari wa chini.

Jumatatu akaja jirani wa mzee kurudisha kitabu cha alama za barabarani. Mzee amefariki, alisema. Lini? Wiki iliyopita, Jumanne asubuhi.

Kipindi cha kwanza kati ya vile vitatu kilikuwa Jumanne jioni.

Mama Breki alikaa kwenye gari akalia. Alimlilia mzee, akajililia na mwenyewe, kwani hakuna aliyefikiri hata kumpigia simu aende kuzika. Alikuwa kwenye kiti chake cha mwalimu, katikati ya uwanja wa mazoezi, ufunguo umezungushwa, injini inanguruma. Saa ya kwenye dashibodi ikafika kumi na mbili kamili.

Ti... ti... ti...

Ule mlio wa mkanda. Gari linalia hivyo mtu akikaa bila kufunga mkanda. Mama Breki akautazama wake, umefungwa. Akatazama taa kwenye dashibodi.

Kiti cha dereva.

Kiti kilikuwa kitupu. Lakini kitambaa chake kilibonyea taratibu, kama mtu anayejishusha kwa sababu ya magoti. Kisha ikaja harufu... pasi ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu. Nywele zikamsimama. Mkanda ukavutika wenyewe, polepole, ukapita hewani, ukabana.

Klik.

Mlio ukakoma. Gari likaruka hatua moja mbele, likazima.

Mtu mwingine angetoka mbio na kuacha viatu. Mama Breki akasikia sauti yake inasema maneno ambayo imeyasema miaka kumi na tisa. "Achia klachi taratibu, mzee. Hakuna anayekufukuza."

Ikawa hivyo kila jioni kwa wiki tano. Hakumwona, hakumsikia. Alinusa tu ile pasi, akatazama usukani ukizunguka, na akaongea. Alimweleza kila alichokula. Alimweleza mambo ambayo hata dada hayajui. Watu wa duka la ng'ambo ya uzio walidhani anaongea na simu. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alirudi nyumbani bila kuwasha redio.

Lakini mzee alikuwa anaendelea vizuri. Hapo ndipo hofu ilipoingia. Aliacha kuzima injini. Aliacha kuzunguka uwanja. Kila jioni gari lilikata kona mapema kidogo na kuelekea getini, na kila jioni Mama Breki alikanyaga breki ya mwalimu likasimama. Wiki iliyopita lilisimama hatua kumi kabla ya geti. Juzi, hatua tatu. Na breki ilikuwa inalegea, inazama chini ya unyayo. Fundi makenika aliikagua akasema ni nzima kabisa.

Ndiyo maana akampigia dada. Ndiyo maana alikuwa pale kwa muuza magari, jua linashuka, kalamu mkononi, karatasi za kubadilishana zimetandazwa juu ya boneti.

Mteja akafika. Alikuwa muuguzi, mwanamke mwembamba mwenye macho ya usingizi, na mapacha wawili waliomng'ang'ania sketi. Aliligusa gari kwa woga, kama kitu ambacho huenda akanyang'anywa. Muuza magari akamuuliza atalitumia zaidi kwa safari gani.

"Za jioni tu," alisema. "Nawapeleka hawa kwa bibi yao kabla sijaingia zamu. Kama saa kumi na mbili hivi."

Mapacha walishafungua mlango wa nyuma, wanagombania dirisha.

Mama Breki akaitazama ile kalamu. Breki ya pili itang'olewa kwa nusu saa. Nani atalisimamisha? Akawatazama watoto, akamtazama muuguzi, akajiona anavyotaka kusaini bila kusoma, kwa mara nyingine. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akairudisha kalamu juu ya boneti na kusema hauzi. Muuza magari alilalamika, muuguzi akaishiwa nguvu, na watoto walitolewa kwenye gari kwa kubembelezwa. Hakumpa yeyote sababu.

Njiani alipiga moyo konde. Yeye ndiye aliyemruhusu mzee, yeye ndiye atakayemzuia. Atampa maneno ambayo walimu wote wanachukia kuyasema: mzee wangu, umefeli, hutaendesha, nenda kapumzike. Kisha ataikata ile saini ya mstari wa chini kwa kalamu nyekundu. Kadi alishaiomba ofisini, ilikuwa kwenye mkoba. Alirudia maneno hayo kwa sauti mpaka akafika.

Mlinzi wa uwanja alikuwa ndiyo kwanza ametoka likizo ya miezi miwili. Akamfungulia geti, wakasalimiana, akamwambia amenenepa. Mama Breki akacheka kidogo. Akaegesha katikati ya uwanja, akahamia kiti cha mwalimu, akafunga mkanda, akaiweka kadi mapajani na kalamu nyekundu juu yake.

Saa kumi na mbili kasoro dakika moja.

Angeweza kuikata saini sasa hivi. Mstari mmoja tu. Lakini kumfungia mtu mlango bila kumwambia... akaona si adabu. Akangoja.

Ti... ti... ti...

Kiti kikabonyea. Harufu ya pasi ikajaa gari zima, na moyo wake, moyo huo mjinga, ukafurahi. Yale maneno yote aliyoyarudia njiani yakayeyuka. Akaiona nyumba yake, vyumba viwili, redio juu ya kabati. Akasema, "Karibu, mzee. Nimechelewa kula leo."

Klik.

Gari likaondoka laini, kwa ustadi. Halikuzunguka hata kidogo. Lilinyooka getini.

Mama Breki akakanyaga breki ya mwalimu. Ikazama mpaka sakafuni bila kupinga. Akakanyaga tena, kwa miguu yote miwili. Hakuna. Akainyakua kalamu kuikata saini kando ya yale maneno, *kuendesha bila mwalimu*. Kalamu ilipita juu ya karatasi na kupita tena, na saini ikabaki vilevile, bila alama nyekundu.

"Mzee, simama," alinong'ona. "Simama, baba."

Akafungua mkanda wake ili aruke. Mkanda ukarudi kwenye kiota chake. Akangoja ule mlio, maana kwenye gari hili hakuna anayekaa bila mkanda likanyamaza.

Gari lilinyamaza.

Lilisimama getini vizuri kabisa. Kioo cha dereva kikashuka. Mlinzi akaja na daftari lake la magari yanayotoka, akainama, na uso ukamchanua.

"Oo, mzee. Suti imekukaa. Kumbe siku hizi unaendesha mwenyewe?"

Akasikiliza jibu. Akacheka, akatikisa kichwa. Mama Breki hakusikia neno.

"Niko hapa," alimwambia mlinzi. Akavuta kitasa cha mlango, hakikusogea, akagonga kioo kwa ngumi. Akapiga kelele mpaka kifua kikauma. "Nitazame. Niko hapa."

Macho ya mlinzi yalipita juu ya kiti cha mwalimu, yakaenda uwanjani kwenye giza linaloingia, yakatafuta huko.

"Na mwalimu umemwacha wapi? Nimemfungulia sasa hivi tu."

Akasikiliza tena. Akaitikia kwa heshima, akaandika kwenye daftari: namba ya gari, saa, na kwenye safu ya idadi ya watu, mmoja.

"Haya, mzee, safari njema. Geti nitamwachia wazi. Akimaliza shughuli zake atatoka kwa miguu."

Gari likawasha taa. Likawasha na kiashiria, kwa wakati wake, kama mzee alivyofundishwa, likaingia barabarani.