Kaseti ya Gemu Mia Tisa

Kila Jumamosi asubuhi Suad alifagia ua wa nyumba yao huko Makina, Kibera, akaosha vyombo vya chai, kisha akapangusa vumbi kwenye televisheni ya mjomba wake Fadul. Fadul alikuwa fundi wa redio na televisheni, na mteja mmoja aliyehama alikuwa amemwachia mashine ya gemu. "Kazi kwanza, gemu baadaye," ndiyo iliyokuwa sheria yake, na Suad hakuivunja.

Suad alikuwa darasa la sita, na mtaani hapakuwa na mtoto aliyejua kuzungumzia gemu kama yeye. Alishikilia kwamba uzuri wa gemu hauko kwenye picha. "Gemu nzuri ikikushinda, unajua ni wewe uliyekosea," aliwaambia wenzake. "Gemu mbaya inakuibia tu." Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kaseti ya mbio za pikipiki, ambayo mchezaji aliweza kujichorea barabara zake mwenyewe. Yeye na Musau walikuwa wamechora nyingi, wakabishana juu ya kila kona.

Musau alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Hata mama yake alipohamia mtaa wa Kawangware, sehemu iitwayo Kongo, hakuacha kuja Jumamosi. Siku moja alifika na kaseti ya manjano mkononi.

"Niaje, Suad. Hii ina gemu mia tisa tisini na tisa. Nipe ile ya pikipiki, nikupe hii. Kabisa."

"Mia tisa? Umezicheza?"

"Nyingi. Ziko poa sana."

"Na wewe ubaki na moja tu? Mbona?"

Musau aliinama kufunga kamba ya kiatu. "Nataka kufanya mazoezi ya mbio. Kwani mimi naweza kukudanganya, Suad?"

Swali hilo ndilo lililomaliza ubishi. Wakabadilishana.

Alasiri watoto wa jirani walijazana sebuleni. Gemu ya kwanza ilikuwa ya vifaru vya vita, ya pili ya ndege, ya tatu ya mpira, ya nne ya samaki. Ya tano ilikuwa vifaru tena, ila imebandikwa jina jingine. Ya sita, ndege wale wale. Suad aliendelea kubonyeza, akaruka mbele, akaruka mbele zaidi. Gemu zilikuwa nne tu, zikijirudia kwa majina mapya.

"Si wewe ndiye mwalimu wa gemu?" binamu yake Afrah aliuliza, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Suad alizima mashine. Kicheko kile kilimuumiza, lakini kilichomkata maini zaidi ni kukumbuka jinsi Musau alivyoinama kufunga kamba ambayo haikuwa imefunguka.

Kesho yake Fadul alikuwa na kazi Kawangware, Suad akafuatana naye, kaseti ya manjano mkononi. Walimkuta Musau nje ya nyumba yao akimsaidia mama yake kuanika nguo. Fadul akamwacha Suad hapo, akaenda kwa mteja wake. Suad alimsalimu Mama Musau, kisha akamgeukia rafiki yake.

"Ulijua?"

Musau aliitazama kaseti ya manjano. "Nilijua."

"Kwa nini mimi?"

"Mwingine angetaka kuijaribu kwanza," Musau alijibu kwa sauti ndogo. "Hata mimi niliuziwa hivyo hivyo mjini. Yule muuzaji aliniapia. Nilikaa na uchungu peke yangu. Wewe pia unaweza kumpa mtu. Si kuna Ryan hapo kwenu? Hajui gemu."

Kwa kitambo Suad alimwona Ryan akiipokea kaseti kwa mikono miwili, akishukuru. Ingekuwa rahisi. Urahisi huo ukamtia hofu.

"Ryan ananiamini," alisema. "Nilikuamini hivyo hivyo."

Mama Musau aliweka beseni chini. Alikuwa amesikia yote.

"Musau, ulipodanganywa, makosa hayakuwa yako. Ungekuja kuniambia, tungelia pamoja. Lakini ulipomtafuta anayekupenda ukamtwika uchungu wako, ukawa sawa na yule muuzaji. Tena wewe umekosea zaidi, kwa sababu muuzaji hakukujua, na wewe Suad unamjua. Lete kitu cha mwenzako."

Musau aliingia ndani, akarudi na kaseti ya pikipiki. Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Nisamehe, Suad. Sitarudia."

Suad aliichukua, akamrudishia ya manjano. Moyo wake ulikuwa bado mzito. "Mama Musau," aliuliza, "ni lazima nimsamehe leo?"

"Kama moyo umekubali, msamehe leo. Kama bado, ngoja," alisema mama yule. "Lakini kuirudisha imani iliyovunjika si kazi yako, mwanangu. Hiyo ni kazi yake Musau, na ataifanya polepole, siku baada ya siku, kwa kusema kweli hata pale uongo ungemfaa."