Chokaa Haitaki Haraka

Walikutana sokoni Galway, Jumamosi ya mvua, kwenye foleni ya jibini. Nuala, ndani ya koti jekundu, aligeuka akamwona mwashi mrefu aliyejaa vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

"Kaka, umeoga unga?"

"Chokaa, dada. Na wewe, moto unawaka wapi?"

Basi, yakaanzia hapo. Colman alikuwa na gofu la mababu zake: mnara wa mawe wa ghorofa nne, ngazi ya mzunguko, na juu ya mlango tundu la kuwamwagia maadui mawe. Paa halikuwapo miaka mia tatu. Kiangazi alimpandisha mpaka chini ya kuba la mawe, akamwonyesha alama za fito zilizosukwa na mafundi wa kale kulishikilia lilipojengwa, bado zimo kwenye chokaa.

"Tutalala hapa, mpenzi."

Nuala, mkaguzi wa majengo ya kale, alitazama juu, kisha akamtazama Colman, moyo ukamyeyuka.

Februari halmashauri ikamtuma yeye mwenyewe kuukagua mnara, ambao Colman alikuwa ameanza kuukarabati. Alikwaruza katikati ya mawe kwa ufunguo. Saruji! Ukuta mzima wa kaskazini. Saruji hunasa maji ndani, na maji yakiganda, jiwe hupasuka. Hata mwanagenzi anajua. Akaandika ukweli huku analia, na kazi ikasimamishwa.

"Umeniuza, Nuala," Colman alisema kwenye simu.

"Wewe ni fundi. Ulijua."

"Nilijua." Akakata. Nuala alimpigia mara saba, Colman hakupokea.

Machi baridi ikakaza. Ukuta wa kaskazini ukaporomoka na kuba lake. Nuala akaendesha gari mpaka kule, akamkuta amekaa juu ya kifusi.

"Kwa nini, Colman?"

"Chokaa haishiki wakati wa baridi. Ingebidi tungoje mpaka Mei. Mimi nilitaka kukuoa Pasaka, uingie kwenye nyumba yenye paa. Ningekuweka kwenye trela, nyumba ya magurudumu?"

"Nani alikwambia nautaka mnara?"

"Ulivyokuwa ukiutazama."

"Nilikuwa nakutazama wewe, mjinga wee."

Colman alifuta uso kwa kiganja. "Alhamisi naondoka. Kaka yangu kanitafutia kazi Kanada."

"Usiende."

"Kila nikikuona nitauona huu ukuta. Siwezi, Nuala."

Nuala hakumbembeleza. Alimfunga koti vifungo vyote, mpaka cha shingoni, polepole, maana baada ya hapo hakuwa na la kumfanyia.

"Trela ingetosha," akasema, akarudi kwenye gari.