Tairi Si Ngozi ya Ngoma

Mwinjuma wa Mafiga alikuwa fundi wa kuwamba ngoma. Ngoma aliyoiwamba yeye ilisikika ng'ambo ya mto. Mwenyewe alilijua hilo, wala hakuona haya kulisema.

Hizo zilikuwa enzi za Mdachi. Gari moshi lilikuwa limeshafika Morogoro, lakini baisikeli zilikuwa chache. Mwinjuma alikuwa na moja, kuukuu, ya kupelekea ngoma vijijini. Aliipangusa asubuhi, akaipangusa jioni, mpaka mkewe Hidaya akasema ameolewa uke wenza.

Siku moja Mwinjuma alimaliza kuwamba upya ngoma kubwa ya ukoo wa Hidaya. Ngoma hiyo ilitakiwa kijijini Mlali siku ileile. Furaha, binti wa dada yake Hidaya, alikuwa mwali. Alikuwa amewekwa ndani tangu masika. Jioni hiyo alikuwa atolewe nje achezwe, na mwali wa ukoo ule hatoki bila ngoma ya ukoo. Tena mwezi wa Ramadhani ulikuwa karibu kuandama. Ukiandama, ngoma zote zinalala. Furaha angebaki gizani mpaka baada ya Idi.

Hidaya mwenyewe hakuweza kusafiri. Alikuwa na mtoto mchanga, Pili, mdogo wake Mosi, na arobaini yake ilikuwa haijatimia. Alikaa kizingitini na mtoto wake, roho yake iko Mlali. Kwa Waluguru, mtoto wa dada yako ni mtoto wako.

"Baba Mosi, jua linapanda," alisema. "Mwanangu anakungoja."

"Naondoka sasa hivi, Mama Mosi. Natia tairi tu."

Tairi la nyuma lilikuwa limevuliwa ili tundu lizibwe. Sasa lilikataa kukaa kwenye ringi. Upande mmoja uliingia vizuri. Upande wa pili ulitoka nje, ukavimba kama shavu la mtu anayeumwa jino. Maneno, mdogo wake Mwinjuma, alishika huku. Mwinjuma akashika kule. Huyu akavuta, na yule akavuta.

"Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake," Hidaya akawatania.

"Shemeji, usituchekeshe," alisema Maneno. "Tunaishiwa nguvu."

Mwinjuma akaleta mafuta ya nyonyo, yale anayolainishia ngozi. Akalipaka tairi. Likawa linateleza tu. Akawasha moto wa nyasi, akalipasha, kama anavyopasha ngoma ili ilie vizuri. Mpira ukaanza kunuka.

"Kaka, unaungua!"

"Ngozi haikazi bila moto."

"Lakini hii si ngozi, kaka."

"Tairi ni ngozi ya Wazungu. Lete tindo."

Akachomeka ile tindo ya chuma kati ya tairi na ringi. Kisha akamwambia Maneno ashike pampu. "Jaza upepo! Likishiba litakaa lenyewe."

Maneno akajaza. Uvimbe ukakua. Akajaza tena.

"Acheni!" Hidaya akapiga kelele. "Naogopa!"

"Bado kidogo tu," alisema Mwinjuma.

Paa!

Tairi likaruka. Tindo nayo ikaruka, ikapita hewani, ikachoma mwimo wa mlango karibu kabisa na kichwa cha Pili. Mtoto akalia. Hidaya hakulia. Aliitazama tindo, akamtazama mumewe. Mwinjuma alikimbia, akampapasa mtoto kichwa. Maisha yake yote hakuwahi kuogopa namna ile.

Majirani walitoka mbio wakidhani askari wamefyatua bunduki. Pamoja nao alikuja Bernadeta, mjane wa milimani aliyekuwa akipita na kikapu cha njegere. Marehemu mumewe alikuwa mtunza baisikeli za misheni. Miaka mingi walizitengeneza pamoja.

"Hodi jamani. Kuna aliyeumia?"

"Shikamoo, mama. Mungu ametuhifadhi," alijibu Mwinjuma.

"Marahaba." Bernadeta aliligusa tairi, akanusa vidole vyake. "Mafuta, moto na tindo! Baba, hili tairi lilikukosea nini?"

Hakuna aliyecheka. Bernadeta akaweka kikapu chini.

"Sikilizeni. Mafuta yanaozesha mpira. Moto unaukausha, kesho unapasuka. Chuma chenye ncha kinatoboa mpira wa ndani. Na tairi ambalo halijakaa sawasawa, ukilijaza upepo mwingi, haliketi. Linaruka, na kila kilicho karibu kinaruka nalo."

"Na mwanangu wa Mlali?" Hidaya akauliza. Sasa machozi yalimtoka. "Ngoma haifiki tena. Amekaa ndani siku zote hizi, mama. Anangoja hii ngoma tu."

"Itafika. Nipe sabuni na maji. Na wewe, fundi, niambie. Ngozi unaiwamba ikiwa kavu?"

"Hapana, mama. Lazima ilowe."

"Na kijiti cha kwanza unakipigilia mpaka mwisho kabla ya vingine?"

"Aa, ngozi itakaa upande! Napiga huku kidogo, na kule kidogo, mpaka nizunguke."

"Basi nusu ya kazi hii unaijua tangu zamani. Umechukua ile nusu isiyofaa."

Hapo watu wakacheka. Mwinjuma naye akacheka, ingawa kidogo.

Wakaanza upya. Walifuta mafuta yote. Walisugua kutu na mchanga kwenye ringi. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka pale ulipobanwa na tindo, wakauziba kwa kiraka na gundi. Bernadeta akapaka maji ya sabuni kwenye kingo za tairi.

"Tumia vidole gumba, siyo chuma," alisema. "Anza mbali na mdomo wa kutilia upepo, umalizie hapo. Usiubane mpira wa ndani. Haya, Maneno, tia upepo kidogo. Kidogo, nimesema! Zungusha gurudumu."

Gurudumu likazunguka. Mahali pamoja tairi lilikuwa limezama.

"Niongeze upepo?" Maneno akauliza.

"Toa! Toa wote. Vuta pale kwa mikono, paka sabuni, tia upepo kidogo tena. Na uso wako uwe mbali."

Safari hii tairi liliteleza mahali pake, likatulia. Lilichomoza sawasawa pande zote. Ndipo wakaongeza upepo, polepole, mpaka likawa gumu.

Hidaya alifunga kipande cha sabuni kwenye kitambaa. "Chukua na hii," alimwambia mumewe, ambaye alishachukua pampu na viraka. "Njia ya Mlali ina miiba."

Alikuwa amesema kweli. Kabla ya kufika Mlali, mwiba ulitoboa tairi la mbele. Mwinjuma alikuwa peke yake, ngoma mgongoni, na jua limeshaanza kuinama. Alilivua, akaliziba, akalirudisha. Alipotia upepo, likavimba upande. Hasira zikampanda. Mkono wake ukaokota jiwe la kugongea.

Akaukumbuka ule mwimo wa mlango. Akalitupa jiwe. Akatoa upepo wote, akachota maji ya kijito kwa kofia yake, akalainisha sabuni. Alifanya huku kidogo na kule kidogo. Tairi likakaa. Mwinjuma akapiga kelele za furaha peke yake porini, kisha akapanda baisikeli.

Alifika Mlali watu wameshaanza kukata tamaa. Hakupumzika, wala hakunywa maji. Aliipasha ngoma moto, maana ngoma ndiyo hupashwa moto, akaipiga. Mlango ukafunguliwa. Furaha akatoka amebebwa mabegani, amepakwa mafuta, amefumba macho kwa mwanga. Vigelegele vikajaa mpaka mlimani. Walicheza mpaka jua likazama, na wembamba wa mwezi ukaonekana juu ya milima. Mwinjuma akaondoa mikono kwenye ngoma. Mfungo ulikuwa umeingia.

Kesho yake alirudi Mafiga. Tangu siku ile, mwenye tairi lililokaidi alipelekwa kwake, na kitu cha kwanza alichoagizwa ni sabuni. Maneno alipojisahau na kuigusa tindo, alionyeshwa tundu la mwimo. Lakini asubuhi ile Hidaya hakuuliza habari za tairi.

"Mwanangu yuko nje?"

"Yuko nje, Mama Mosi."

Hidaya alisimama pale pale kizingitini, Pili mkononi, akapiga kigelegele kilichosikika ng'ambo ya mto.