Juisi ya "Salama" Ilimkatisha Mguu Mume Wangu

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo nawapokelea marahaba! Mimi ni bibi wa miaka sitini na nane, naishi Malindi, si ile ya pwani, hii ya huku juu Lushoto. Shule niliishia darasa la pili, lakini mdomo ninao, si mnausikia?

Mume wangu Baba Hiza tumelima naye kabichi mpaka mvi zikatuota. Ana ugonjwa wa sukari. Dawa anameza, chai anakunywa bila sukari, bada, ugali wetu wa muhogo, anakula kipande tu. Tulikuwa tunaishi vizuri, tunacheka!

Basi jembe likamkata kidole cha mguu. Kidonda kidogo tu...

Sasa huku kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Na ulicholeta lazima akionje ukiwepo, la sivyo umedharauliwa! Wageni wakaleta soda, wakaleta biskuti. Nikahangaika. Nikateremka dukani kuuliza, mwenye duka akanisomea boksi la juisi: "Haijaongezwa sukari. Salama kwa wenye kisukari." Na moyo mwekundu umechorwa, unatabasamu!

Nilifurahi mimi! Nikatangazia jumuiya nzima, jamani mkija kwa mzee leteni ile ya moyo. Wakaleta! Watu wa huku wana upendo, nyie! Kila mgeni boksi, kila mgeni kikombe. Jirani yangu Mama Neema anamtania, "Kunywa mchumba wangu upone, huyu bibi yako keshachoka!" Baba Hiza anacheka, anamaliza.

Kidonda kikagoma kupona. Kikaanza kunuka... Habari zikaenea, wageni wakazidi. Na wageni wakizidi, juisi inazidi!

Tukamkimbiza hospitali. Sukari imepanda ajabu. Nesi akauliza anakula nini. Nikatoa boksi kwa kujidai: "Hii hapa, ya wagonjwa wa sukari hasa!"

Akaligeuza, akasoma nyuma.

"Bibi, hii ni sukari tupu, imetoka kwenye maji ya matunda yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito. Haya ya mbele ni maneno ya kuuzia."

Kutazama huko nyuma, herufi kama sisimizi, tena Kizungu! Ningejuaje mimi?

Mguu ukakatwa, chini ya goti. Nililia mpaka sauti ikaniisha...

Nilimfuata mwenye duka. Akasema, "Mama, mimi sitengenezi, nauza tu." Anayetengeneza yuko wapi? Simjui. Nimlilie nani? Nimlaumu Mama Neema, aliyeleta kwa mapenzi?

Na sasa watu wanakuja kutupa pole ya mguu... wamebeba boksi! Nikiwaeleza wananijibu, "Mama Hiza, imeandikwa salama, ingeruhusiwa kuuzwa?" Baba Hiza mwenyewe ameninunia, anadai namnyima vyake. Juzi natoka kuchuma mboga, namkuta na kikombe, mgeni amekaa kando anamtazama kwa huruma. Nikafanya nini? Nikamwambia mgeni karibu.

Wenzangu, nawasihi! Msidanganywe na picha wala maneno makubwa ya mbele. Kabla hujampa mgonjwa wa sukari kitu cha boksi, mtafute anayejua akusomee nyuma. Ukitaka kumpenda, mpasulie kuni, mchotee maji, kaa umchekeshe.

Na mkipita Malindi karibuni kwetu, jamani, mje na hadithi tu. Baba Hiza bado ana mguu mmoja... niachieni huo!