Tundu Lisilotoa Picha

Jua lilikuwa linazama mhariri wa video za harusi alipobisha mlangoni kwa mjane kuchukua kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye kioo: kifaa cha mwisho cha kompyuta mpya aliyokuwa akiiunda na mumewe. Mjane aliitoa ikiwa imeviringishwa katika shati jeupe la kiume.

"Marehemu mume wangu alikuwa akihariri video za harusi kwa hii," alinong'ona. "Hakupenda kazi imkatikie njiani."

Harufu ya udongo mbichi ilimpanda puani. Akashukuru, akatoka mbio. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekufa, na asubuhi bibi harusi alikuwa akiingoja video yake. Tayari alishamwahirishia mara mbili. Akimwangusha tena, nani atampa kazi?

Nyumbani kulikuwa na vita. Wiki nzima wamehangaika kuunda mashine moja yenye nguvu, yeye afanyie kazi, mumewe achezee gemu. Kila kifaa kilikuja na shari yake. Kasha la kwanza dogo. Skrubu zimepungua. Sasa kadi nayo imeingia, kila kitu kimefungwa, na kioo…

Cheusi tii.

"Si nilisema tumwite fundi?" mke alifoka.

"Na mimi si nilisema usiguse vifaa kwa mikono ya vitunguu?"

"Mikono hiyohiyo ndiyo inayokulisha!"

Mume akanuna, akaenda kuoga. Yeye akampigia fundi simu, kisha akaketi, machozi ya hasira yakimlengalenga.

Tik.

Kioo kikawaka.

Hakuuliza. Diski ya kompyuta ya zamani ilikuwa humo na harusi nzima ndani yake. Akakata, akaunga, mashine ikiteleza kama maji. Kwenye picha ya ukumbi akamwona mwanamume wa shati jeupe, nyuma ya wageni wote. Hakumkumbuka. Picha iliyofuata, alikuwa meza ya mbele. Iliyofuata, begani kwa bibi harusi.

Haangalii harusi. Anamwangalia yeye, aliyeketi mbele ya kioo.

Fundi akaingia, mume nyuma yake na taulo begani. Fundi akachungulia nyuma ya kasha, akacheka.

"Nani kachomeka kebo ya kioo kwenye ubao mkuu?"

"Mimi," mume akasema. "Kuna ubaya?"

"Inachomekwa kwenye kadi, bwana. Prosesa hii, ubongo wa mashine, haiwezi kutoa picha bila kadi. Tundu hili halitoi…"

Akatazama kioo. Akatazama kadi: feni zake zilikuwa zimetulia, hazijazunguka hata kidogo.

"Shemeji," alinong'ona, "hiyo picha inatoka wapi?"

Harufu ya udongo ikajaa chumba. Mume akashika waya wa umeme.

"Usichomoe!" Mkewe alimdaka mkono. "Inakamilisha video. Imebaki kidogo tu."

"Mke wangu, una akili wewe?"

"Nimechoka kudhalilika. Iache imalize."

Ikamaliza. Akamtumia bibi harusi kwa simu palepale, kisha mume akang'oa waya. Akaitazama kwenye simu: mwishoni mwa video, begani kwa bibi harusi, hapakuwa na mtu tena. Akashusha pumzi.

Asubuhi bibi harusi akapiga.

"Dada, video imewaliza watu! Hongera." Kisha sauti ikashuka. "Ila huyu kaka wa shati jeupe, anayesema umemtuma… mbona haondoki?"

"Sijamtuma mtu."

Kiti kikaburuzwa, huko upande wa pili.

"Dada," bibi harusi alinong'ona, "anasema kazi haijaisha, bado zimebaki picha za fungate."