Kamera ya Tatu

Kamera zilikuwa tatu mezani kwa Papa Ézéchias, muuza vifaa kule Beni, na Jokébed alizipima zote kwa njia moja. Alimsimamisha mzee mwenyewe mlangoni penye mwanga, akamwomba ahesabu moja mpaka sitini. Akifika sitini, Jokébed anazima, anatoa kadi, anaitia kwenye kompyuta aliyoibeba kutoka Butembo, kisha anatazama.

Ya kwanza ilikuwa mpya, bado na harufu ya boksi, ila haikuwa na tundu la maikrofoni. Ya pili tundu ilikuwa nalo, lakini ukivuta picha karibu, uso wa mtu ulivunjikavunjika vipande. Ya tatu ilikuwa ya mkono wa pili, imechubuka kila kona. Jokébed alipoona picha yake aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Kila unywele wa ndevu za Papa Ézéchias ulihesabika. Hata giza la nyuma ya rafu lilionekana wazi, na kompyuta iliipokea video bila kuhitaji kuibadilisha.

Kitu kimoja tu. Video mbili za kwanza zilikuwa za dakika moja. Hii ya tatu ilikuwa ya dakika moja na sekunde kumi na moja.

Aliirudisha. Papa Ézéchias anahesabu, anafika sitini, anaondoka. Halafu mlango mtupu, na sauti ya mtu anayepumua karibu sana na maikrofoni, polepole, kama anayesikiliza.

"Nilichelewa kuzima," Jokébed alijiambia. Lakini kidole chake kilikumbuka vingine.

"Papa, hii ilikuwa ya nani?"

"Ya mutu moja alikuwa anapigaka video ku Manguredjipa, ku mashimo ya dhahabu. Aliacha ile kazi."

"Juu ya nini aliacha?"

"Mama, mi nauzisha bintu. Siulizake batu maisha yao." Alisema hivyo akiangalia barabarani, kisha akashusha bei kabla ya kuombwa.

Muuzaji anayeshusha bei bila kuombwa ana jambo. Jokébed alishuku wizi. Alidai karatasi ya mauzo yenye jina na sahihi, akaandikiwa bila ubishi, na hilo nalo likamzidishia shaka. Hata hivyo aliichukua. Aliihitaji mno.

Kwa maana Jokébed hakuwa mtu wa kupiga video za harusi. Alikuwa na ukurasa wake kwenye mtandao, na watu waliopotezana wakati wa kukimbia vita walikuja kwake, wakakaa mbele ya kamera, wakasema: mimi ni fulani, niko mahali fulani, namtafuta fulani. Mume aliyeko Beni akamwona mke aliyeko Butembo. Bibi akapata wajukuu. Kamera yake ya zamani ilipokufa, kina mama wa kanisa walichanga ili apate nyingine, nzuri, ambayo uso wa mtu ungetambulika hata kwenye simu ndogo.

Yeye alipiga video. Aliyezikata na kuziunganisha ni Hénock Kabongo, mwalimu wa serikali aliyetumwa kutoka Kasaï, mtu mpole, mrefu, ambaye kila baada ya masomo alikuja kufanya montage katika chumba kidogo cha uani. Miaka miwili walifanya kazi pamoja, na Jokébed hakuwahi kukagua kazi yake.

Wiki ya kwanza ya kamera hiyo alipiga watu tisa. Wa kwanza alikuwa Mama Débora, mkulima kutoka vijiji vya Kasugho, mwanamke mkavu asiyecheka, aliyempoteza binti yake Elikia njiani. Alikaa wima akasema maneno machache: "Elikia, mi mama yako. Niko Butembo, nalala kwa dada yangu Jemima, pembeni ya kanisa. Hapana rudia kwetu. Kule hakuna tena mutu."

Siku ya pili, Jokébed alipoingia chumba cha montage, alisimama mlangoni. Palinuka udongo wa shimoni, maji yaliyolala, na chuma. Hénock alikuwa amefunga pazia mchana kweupe.

"Harufu ya nini hii, mwalimu?"

"Harufu gani?" Hakugeuka. "Mama Jokébed, ni weye mwenyewe ulichagua hii kamera?"

"Ni mimi. Juu ya nini unauliza?"

"Bure tu."

Tangu hapo walianza kuangaliana kwa pembe ya jicho. Jokébed aligundua kwamba anapoingia, Hénock anavua haraka vifaa vya masikioni. Hénock naye alizoea kumtazama sana anapotoka, kana kwamba anataka kumwuliza jambo na anaogopa jibu.

Jumatano, simu ya ukurasa ililia. Sauti ya msichana, yenye furaha ya kulia.

"Yaya, dada yangu, asante! Mi ni Elikia, niko Beni. Nimeona mama! Kesho asubuhi nachukua gari mpaka Butembo, halafu pikipiki mpaka kwetu Kasugho."

"Kwenu? Hapana, Elikia, mama yako iko hapa Butembo."

Sauti ya msichana ikashuka. "Mama alisema mutu atanikataza. Alisema nikuye peke yangu, hapana kuambia mutu."

Simu ikakatika. Jokébed alipiga, akapiga tena, ilikuwa imezimwa. Akafungua ukurasa, akatafuta video ya Mama Débora, akasikiliza. Uso ulikuwa ule ule, kitambaa kile kile, midomo ikienda sawa na maneno. "Elikia, mutoto wangu mutamu, niko kwetu. Rudia kwetu. Kuya peke yako."

Alivuka ua karibu akikimbia.

"Kabongo! Nani amekulipa? Ni banani bako nyuma yako, banataka batoto ba watu barudie mu pori?"

Hénock alisimama, rangi imemtoka. "Mama, mi ndio nilitaka kukuuliza weye! Ile ndiyo ilikuwa mu kadi. Mi nilifikiri ulimuambia aseme mara ya pili, mi nisipokuwako. Siku tano silali juu ya ile video."

"Unadanganya."

"Bon. Nipige mimi. Sasa hivi, macho yako yakiwa wazi."

Jokébed aliweka kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu. Hénock akakaa. "Mi ni Hénock Kabongo, mwalimu, niko Butembo, sitafuti mutu." Akanyamaza. Jokébed akabonyeza, taa nyekundu ikazimika, Hénock akainuka, akatoa kadi mwenyewe akaiingiza. Walisimama bega kwa bega mbele ya kioo, na nje mvua ya alasiri ilianza kupiga mabati.

Hénock wa kwenye kioo alisema maneno yake. Akanyamaza. Lakini hakuinuka. Alibaki kwenye kiti kile, huku kiti chenyewe kikiwa kitupu nyuma ya migongo yao, akainua macho taratibu mpaka yakamkuta Jokébed, si penye lenzi bali hasa pale aliposimama sasa, akatabasamu tabasamu ambalo uso wa Hénock haukuwahi kulibeba, na akaanza kusema Kinande. Kinande cha zamani, kizito, cha wazee wa milima ya Masereka, ambacho babu yake Jokébed alikitumia na ambacho mwalimu wa Kasaï, aliyeshindwa miaka miwili hata kusalimia kwa lugha hiyo, asingeweza kukitamka hata kwa kupigwa fimbo.

"Wasingya, Jokébed," kilisema. Asante. Kikaendelea kwamba mezani kule Beni walikuwa watatu, na Jokébed alimchagua yeye. Kwamba shimoni hakuna vinywa, na sasa amepata tisa. Kumi, pamoja na cha huyu mwalimu.

Video ikafika mwisho. Harufu ya maji yaliyolala ilikuwa nzito hata mtu aliweza kuilamba.

"Amesema nini?" Hénock alinong'ona. "Mama, ile sauti yangu imesema nini?"

Jokébed alimshika mkono, yeye ambaye dakika chache zilizopita alimshutumu kuuza watoto. "Unisamehe, mwalimu," alisema. "Futa video zote mu ukurasa. Zote. Halafu twende kwa Mama Débora."

Kesho yake ukungu ulifunika Butembo mpaka ungeweza kumgonga mtu kabla ya kumwona. Kwenye kituo cha pikipiki zinazokwenda upande wa Kasugho, Jokébed na Mama Débora walisimama tangu alfajiri, wakichungulia kila uso. Saa tatu, msichana mwenye begi la mgongoni alitokea, tayari akiongea na dereva, na Mama Débora akamwonyesha kwa kidole.

"Elikia!" Jokébed aliita.

Msichana akarudi nyuma. Alimwangalia Jokébed, kisha mwanamke aliyekuwa kando yake, na usoni mwake hapakuwa na furaha hata chembe. Palikuwa na hofu.

"Ule si mama," alisema. "Mama iko kwetu. Aliniambia batatuma mutu mwenye uso wake."

Jokébed alianza kueleza, kamera, kadi, sauti, na kadiri alivyoeleza ndivyo msichana alivyozidi kukaza mkono kwenye kiti cha pikipiki. Dereva akawasha injini.

Mama Débora hakueleza kitu. Alimfuata binti yake, akamtazama juu mpaka chini, kisha akafoka mbele ya kituo kizima: "Na viatu vya Jemima uliweka wapi? Nilikukataza kuvaa viatu vya watu mu matope! Angalia nywele! Miezi nane hakuna hata mutu wa kukusuka?"

Elikia aliduwaa.

"Kwa video," alisema polepole, "uliniita mutamu."

"Mimi? Nilikuitaka mutamu lini?"

Msichana aliachia pikipiki, akaangukia kifua cha mama yake, akalia kwa sauti ya mtu aliyejua wakati huo huo alichoepuka. Mama Débora alimshika kichwa kwa mikono miwili, akaendelea kumfokea, machozi yakimtiririka.

Mchana huo kamera ilipelekwa kwa Mama Émérance, kiongozi wa chumba cha maombi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye watu walimwogopa kidogo. Aliitoa batri, akaiweka batri upande mmoja wa meza na kamera upande mwingine. Wakaimba, wakaomba. Katikati ya maombi taa nyekundu ikawaka. Lenzi ikatoka, ikaingia, kwa mlio mdogo wa kusaga, ikageuka kumtafuta mtu mmoja baada ya mwingine, ikatua kwa Jokébed.

"Inakudai weye," Mama Émérance alisema, jasho likimtoka. "Mi nitaomba mpaka kesho, haitasikia. Ulichukua kwa kinywa chako. Kataa kwa kinywa chako."

Jokébed aliikaribia. Ndani ya kioo cha lenzi aliona chumba kizima, kidogo, wazi kabisa, na watu waliokuwa ndani yake walizidi kwa mmoja wale waliokuwepo. Hakugeuka kuhesabu.

"Sikukuchagua weye," alisema. "Nilichagua kamera. Weye sikukuita. Sikupi kinywa changu, sikupi cha mutu mwingine. Kwa jina la Yesu, toka."

Lenzi ikapasuka kwa mlio kama wa jino linalovunjika. Kutoka kwenye ufa yakachuruzika maji, mekundu ya udongo, mengi kuliko chombo kile kingeweza kubeba, yakashuka mezani, yakatambaa sakafuni mpaka mlangoni, yakatoka nje kwa kufuata mteremko. Taa ikazimika. Harufu ikaisha. Mama Émérance akakaa chini ghafla, akaomba maji ya kunywa.

Kamera ilipondwa kwa nyundo. Jokébed na Hénock walikwenda mlango kwa mlango kwa wale tisa, wakapiga simu kwa ndugu zao, hakuna aliyekuwa amepotea. Jumapili kanisa lilishukuru. Usiku huo Jokébed alilala usingizi mzima, na Jumatatu Hénock alicheka tena.

Alhamisi, mwanamume mmoja wa Masereka alipiga simu. Alijitambulisha: Kakule, mkulima wa viazi. Alizungumza kwa adabu, kama mtu anayeona haya kusumbua.

"Mama, mutoto wangu ameondoka leo asubuhi. Aliacha simu yake hapa, na mu simu iko video. Batu banapeanaka tu, simu kwa simu. Ni mimi niko nasema mu ile video. Niko nasema akuye kwenye mashimo ku Manguredjipa, peke yake."

Jokébed alikuwa amekwisha kusimama. "Papa, nani alikupiga ile video?"

"Ndiyo kitu nataka kukuuliza," alisema Kakule. "Mimi maisha yangu yote, hakuna mutu amenipiga hata picha moja."