Sahihi ya Anselmo

Ilikuwa saa tisa alasiri tu, lakini jua la Novemba lilikuwa tayari linazama Winifrida aliposhuka kwenye treni pale Fisksätra, huko ughaibuni kaskazini. Alikuwa na bahasha ya makaratasi ya mirathi mkononi na hasira kifuani. Alikuwa amefuata gari la mumewe.

Mumewe, Anselmo, walimzika Septemba ile ya 1974. Arobaini ndiyo kwanza imepita, Damian, mdogo wake Anselmo, akaja kulichukua gari bila hata kuomba. Kisha akaliuza.

Winifrida hakuwa mjinga. Alikuwa ameshakwenda mjini kuuliza, na karani wa mirathi alimweleza taratibu, neno kwa neno: mali ya marehemu huorodheshwa kwanza, na gari lake haliuzwi mpaka warithi wote watie sahihi. Yeye alikuwa mrithi. Hakuwa ametia sahihi popote.

Mnunuzi alikuwa Mganda mmoja, Robinah, aliyekimbia kwao mwaka juzi. Alifungua mlango nusu.

"Gari ulilonunua ni la mume wangu," alisema Winifrida. Hakuanza na salamu. "Aliyekuuzia ni mwizi."

Robinah alimtazama, akachungulia korido huku na huku, kisha akamvuta ndani.

"Kaa, nyabo," alisema, akimwita bibi kwa Kiganda. "Si kiti hicho. Hiki."

Winifrida akakaa.

"Mimi makaratasi nayajua," alisema Robinah. "Damian alileta kadi ya gari, jina si lake. Nikakataa. Nikamwambia, mwenye gari aje mwenyewe, aandike sahihi hapa, mbele ya macho yangu."

"Akasemaje?"

Robinah alishusha sauti.

"Akamleta."

Akakitupia jicho kile kiti alichomkataza Winifrida kukikalia.

"Mtu mrefu. Kovu hapa." Robinah aligusa nyusi yake. "Hakusema neno. Damian akamwambia kaa, akakaa. Akamwambia andika, akaandika. Nilimpa chai. Aliitazama tu mpaka ikapoa. Walipoondoka, kiti kilikuwa kimelowa... Na harufu, nyabo. Udongo. Udongo wa kaburi jipya. Nimepiga deki mara tatu."

"Amekodi mtu," alisema Winifrida, meno yameumana. "Amemchora kovu. Lete hiyo kadi."

Robinah aliitoa kabatini. Ilitakiwa iende posta, ili jina la mwenye gari libadilishwe kwenye daftari la serikali. Ilikuwa bado. Kila alipoifikisha kwenye sanduku la barua, alisema, mkono ulimgomea.

Tarehe ilikuwa ya wiki iliyopita. Chini yake, sahihi.

Anselmo alikuwa na kasoro moja ya kuandika. Mkono wake ulikwenda mbio kuliko kichwa, akairuka herufi m, kisha akarudi kuipachika juu. Hata kwenye cheti chao cha ndoa m ilining'inia peke yake, padri akacheka.

Na hapa m ilining'inia.

Kwao Winifrida, kule Geita, jambo hili halisemwi kwa sauti. Mnazika, mnalia, mnarudi nyumbani, kumbe mmezika mgomba. Mwenyewe ameshachukuliwa. Anatumikishwa na aliyemchukua, analishwa pumba, hana ulimi, hana hiari. Msukule.

Lakini kilichompanda hakikuwa hofu. Anselmo alipokuwa hai hakuweza kumkatalia mdogo wake kitu. Damian akitaka koti, Anselmo anavua, anakwenda kazini akitetemeka kwenye theluji. Sasa hata kufa hakukumfundisha.

"Nipe hii kadi," alisema.

"Chukua. Na gari niondoleeni."

Alifika Jordbro, alikoishi Damian, saa kumi na mbili jioni. Damian alifungua mlango amevaa shati safi, ametulia.

"Shemeji. Karibu."

"Umemfanya nini ndugu yako?"

Damian aliitazama kadi mkononi mwake.

"Yule mama alitaka sahihi ya mwenye gari, shemeji. Sheria ndivyo inavyotaka. Mimi nimefuata sheria."

Nyuma yake mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Harufu ilipenya chini yake. Udongo mbichi... na pumba. Damian hakufuga hata paka.

Kijiko kikagusa bakuli.

Kikatulia.

Kikagusa tena.

Winifrida alimpita shemeji yake, akasimama mbele ya mlango ule. Hakupiga kelele.

"Anselmo. Ni mimi. Maisha yako yote ulimwambia huyu ndiyo, na mimi nikanyamaza. Sasa nimechoka na wewe. Mkatalie."

Kijiko kikanyamaza.

Damian alibadilika rangi. "Umeharibu," alinong'ona. "Asiponisikia mimi, shemeji... atamsikia nani?"

Kitasa cha jikoni kikashuka, polepole.

Winifrida akatoka. Ngazini alimsikia Damian akibembeleza. "Kaa, kaka. Nimesema kaa. Kaka..." Kisha mlango ukafungwa kwa ndani. Angeweza kurudi. Hasira ilimkataza, na hilo hakulisahau.

Wiki mbili baadaye alikutana na Petero, aliyefanya kazi na Damian ghalani kule Jordbro.

"Shemeji yako ana nini?" aliuliza Petero. "Anaingia wa kwanza, anatoka wa mwisho. Chakula hali na sisi. Ukimsemesha anafungua mdomo, halafu anaufunga. Nani anamtuma hivyo?"



Ijumaa ile alikuta bahasha chini ya mlango wake, haina stempu, imelowa. Ndani kulikuwa na kadi ya gari la Damian mwenyewe. Damian alikuwa ametia sahihi kama muuzaji. Mahali pa mnunuzi jina la Winifrida lilikuwa limeshaandikwa. Ilibaki sahihi yake tu.

Alifungua mlango, akachungulia nje.

"Nilikwambia umkatalie, Anselmo," aliiambia korido tupu. "Sikukwambia umtume."

Hakuisaini. Aliichana vipande viwili, akavitupa kwenye pipa la taka uani, akafunga mlango kwa funguo zote mbili.

Asubuhi aliikuta mezani, nzima. Pembeni yake, kalamu.